Kijivu Gani

Fundi Muhindo ananiuliza kijivu gani,
nami nacheka, maana hajui anamuuliza nani.
Miaka kumi na tisa nachonga mawe ya volkano
kando ya barabara ya Sake, nyundo na mtalimbo,
nayapa uso mawe yaliyoshuka mlimani yenyewe
bila mtu kuyaita.
Kijivu niulize mimi.

Kuna kijivu cha jiwe kavu saa sita mchana,
na cha jiwe hilohilo mvua ikiligusa, nusura liwe jeusi.
Kuna cha ndani, ukilipasua: kina samawati kidogo,
hakijawahi kuona jua, na kwa dakika moja kinang'aa
kama tumbo la sambaza.
Kuna cha mabati ya Birere yaliyomaliza masika matano.
Kuna cha usukani wa chukudu, ila pale kiganja kinaposhika
si kijivu tena, ni jasho la mwenyewe.
Kuna cha kope zangu nikirudi jioni.
Katungu hufungua mlango na kuuliza,
"Wewe ni nani, na mume wangu umemwacha wapi?"

"Sawa, Papa," anasema Muhindo, "lakini hivi ni vitambaa."
Anavitandika mezani, vipande sita vyenye kingo za meno meno,
chini ya balbu moja inayoishi kwa nusu ya umeme.
Vyote sita ni kimoja.
"Balbu inadanganya," anasema, na tunatoka navyo nje.

Mlangoni, katika mwanga uliochujwa na mawingu,
vinaachana kama ndugu baada ya urithi:
kimoja kinaelekea kijani, cha askari, nakirudisha;
kimoja kinaelekea zambarau, cha mchungaji mwenye gari;
kimoja kimekolea mno, Kahindo angesema nimekuja kuzika,
na siku ni yake, Jumamosi, siku ya diploma,
wa kwanza kwetu kuitwa majina yote kwa kipaza sauti.
Vinabaki vitatu.

Hapo chukudu inapita na viazi vya Kibumba,
inaamsha vumbi, na vumbi halina haraka,
linakaa juu ya vitambaa kama mgeni anayejua kiti chake.

Muhindo anagusa cha katikati. "Tazama.
Kwa hiki, vumbi halionekani. Ndicho wanachochukua
wachumba, wakubwa wa ofisi, wauza saruji.
Unapita Majengo yote kwa miguu
na unafika kana kwamba umeshushwa na gari."

Ni kweli. Nakitazama, na kinanifanana
hadi naona haya. Ni mimi wa siku za kazi, nimepigwa pasi.
Nikikivaa, nani atajua nimevua nini?

Naomba cha pembeni, kile cheupecheupe,
kijivu cha makaa yaliyoungua hadi mwisho,
cha alfajiri, kabla Katungu hajayazoa majivu.
Juu yake kila punje inaonekana, hata zile ndogo
ambazo ningeapa hazipo.
"Hiki kitakusumbua," anasema. "Utapangusa,
utapangusa tena, hadi mlango wa ukumbi."

Nitapangusa.
Nataka Kahindo, akigeuka pale mbele na karatasi yake,
aone mtu aliyejipangusa.

Anavuta futi, ananipima mabega, ananyamaza, anapima tena.
La kulia liko chini ya la kushoto, upana wa vidole viwili:
nyundo imelivuta mwaka baada ya mwaka.
"Niweke pamba kidogo, yalingane?"
Nilitaka kusema acha, liache lilivyo.
"Weka," nasema. "Weka pamba. Siku moja tu."

Nampa arubuni, dola ishirini na tano.
Noti ya tano ananirudishia: imechanika pembeni,
mchaniko mdogo kuliko ukucha wa mtoto.
Naikunja, naitia katika mfuko wa suruali ya kazi,
pamoja na changarawe.